Waja Leo Waliobaki Jikoni: Pilau, Bada na Swali la Chakula cha Mswahili

Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, siku hiyo ikikaribia hapa Tanga watu huanza kupanga meza za vyakula, na ubishi uleule huanza upya. Safari hii umezukia kwenye kundi la WhatsApp la mtaani kwetu. Mmoja alishauri pilau, biriani, sambusa na urojo viondolewe kwenye meza, kwa kuwa ni vyakula vya Waarabu na Wahindi, na badala yake ipikwe bada, ule ugali wa unga wa muhogo, kwa kisamvu na ng'onda (samaki wa kukaushwa), yaani kile tulichokula kabla ya wageni. Mwingine akamjibu kwamba Mswahili ukimwondolea vya wageni utamwacha na njaa, maana kila kilichomo chunguni mwake kilishushwa na jahazi. Ujumbe ulimiminika usiku kucha, watu wamegawanyika pande mbili. Nimezisoma hoja zao zote kwa makini, na naona pande zote mbili zimeteleza mahali pamoja: wote wanautafuta uenyeji wa chakula kwenye mbegu.

Mimi nasema chakula huwa cha watu fulani kwa ujuzi wa kukipika, kwa mikono iliyokipika, na kwa hali waliyokuwamo wenye mikono hiyo. Mahali mbegu ilipotoka ni habari nzuri kuijua, ila haitoshi kumpa mtu hatimiliki wala kumnyang'anya. Mji huu unajiita "waja leo waondoka leo", na kila mwenyeji anajua ni wangapi walikuja kwa siku moja na makaburi yao yapo hapa. Jiko la Tanga, na la visiwa vinavyoitazama, limejengwa na watu wa namna hiyo. Lakini siwaungi mkono wale wanaoishia kusema kwamba pwani ni mchanganyiko mtamu wa tamaduni. Wako waliobaki jikoni kwa hiari na wako waliobakishwa kwa nguvu, na makala ya chakula isiyolisema hilo ni tangazo la hoteli.

Nianze na hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ya kwamba bada ndiyo ya asili na pilau ndiyo ya kuja. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Uliletwa ng'ambo hii ya dunia na Wareno, baada ya mwaka 1500. Kisamvu ni jani la muhogo huohuo, kwa hiyo nacho hakikuwapo kabla yake. Pilipili inayokitia ukali nayo ni ya Amerika, sawa na nyanya, mahindi na mbatata. Anayetaka kumwekea mgeni chakula cha kabla ya wageni kwa maana hiyo kali itabidi apike uwele, mtama, kunde na njugu mawe, akamulie ukwaju na ubuyu, na aseme wazi kwamba hicho ndicho anachokula nyumbani kwake. Majina nayo yasitudanganye. Mahindi yanabeba jina la Uhindi ilhali yametoka Meksiko. Ukwaju, ambao ni mti wa Afrika, Waarabu waliuita tende ya Hindi, na kwa jina hilo Ulaya nzima ikauamini kuwa ni wa Bara Hindi. Wanaojenga historia ya chakula kwa kufuata majina peke yake wanamtegemea shahidi asiyekuwapo kwenye tukio.

Sasa tuvuke mkono wa bahari uliopo kati yetu na Pemba, kiasi cha kilomita 50. Huko Tumbe, kaskazini-mashariki mwa kisiwa, wanaakiolojia Adria LaViolette na Sarah Walshaw wamechimba mji uliokuwa hai kuanzia karne ya 7 hadi ya 10, na nafaka waliyoikuta kwa wingi kwenye majivu ya wale watu ni uwele. Jirani yake ni Chwaka, mji uliostawi kuanzia karne ya 11, na huko uwele unapungua na mpunga unashika nafasi yake. Fikiria maana ya mabadiliko hayo. Uwele unavumilia ukame na hauna masharti mengi. Mpunga unataka maji, unataka kupaliliwa na kuamiwa ndege, unataka kutwangwa na kupepetwa. Mkulima haachi nafaka nyepesi akashika nzito kwa sababu tu jahazi limeshusha gunia. Walshaw anauhusisha uamuzi huo na kukua kwa miji, kuenea kwa Uislamu na karamu, na naona ana haki: wali ulikuwa chakula cha kumkirimia mgeni na kuonyesha kwamba mji una watu. Waliouchagua ni wenyeji. Wareno walipofika wakiwa bado hawajaleta muhogo, mchele ulikuwa umeshaliwa Pemba kwa miaka isiyopungua 400. Basi kati ya wali na bada, mwenyeji wa zamani ni yupi?

Na visiwa havikuwahi kula peke yake. Msafiri Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa kisiwa kile chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka wanaletewa kutoka Sawahili, yaani pwani ya bara. Kisiwa hutazama bara kila jioni kikisubiri tanga litokee. Hali hiyo haijabadilika sana: vyombo vinavyovuka kutoka upande huu kwenda Pemba vinapakia vyakula, na tukiwaita Wapemba "watu wa visiwani" kana kwamba ni ulimwengu mwingine tunasahau kwamba sufuria zao na zetu zimekuwa zikiazimana kwa miaka elfu moja. Hata bara lenyewe lilikuwa limeshapokea mengi kabla ya mzungu wa kwanza. Aprili 1498 msafara wa Vasco da Gama ulipokwama kwenye mafungu ya Mtangata, pwani hii ya Tongoni, mwandishi wa shajara ya safari ile aliandika kwamba vyombo viwili viliwafuata vikileta machungwa mazuri kuliko ya Ureno. Waliporudi Januari 1499 wakaichoma moto merikebu yao moja hapohapo, na watu wa mji wakawajia na kuku wa kubadilishana kwa mashati na bangili. Chungwa ni tunda la Asia. Lakini aliyelipanda, akalikuza hadi likamshangaza Mreno, akalipakia chomboni na kwenda kuliuza, alikuwa mtu wa Mtangata. Leo Muheza tunaiita nchi ya machungwa na hakuna anayeona haya.

Hapo upande wa "asili" unaweza kuonekana umekwisha, na wengi wanaobishana nao huishia hapo kwa furaha. Mimi sifurahi, kwa sababu ndani ya madai yao kuna jambo la kweli ambalo wao wenyewe hawalisemi vizuri. Wanachokipinga hasa ni heshima. Kwa vizazi vingi utu wa mtu wa pwani ulipimwa kwa umbali wake na shamba, na sahani ilikuwa kipimo kimojawapo. Wali ulikuwa wa muungwana, wa harusi na wa sikukuu. Muhogo ulikuwa wa mtumwa. Mikarafuu ilipoingia visiwani mwanzoni mwa karne ya 19, na hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuiangusha ile ya Unguja na kuiacha Pemba ishike soko, waliolima na kuchuma walikuwa watu walionunuliwa au kutekwa bara, wakiwamo Wazigua na wengine wa nyuma ya pwani hii yetu. Watu hao walijilisha kwa vijishamba vya muhogo walivyoachiwa. Muhogo uliwaweka hai kwa kuwa unaota kwenye udongo uliochoka na hungoja ardhini mpaka mwenye nao apate nafasi ya kuuchimba. Kwa hiyo anayesema bada imedharauliwa anasema kweli, na dharau ile ilikuwa dharau kwa watu.

Lakini hitimisho lao ndilo linaloniuma. Nani alipika pilau la muungwana? Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na huku Tanganyika sheria ya kuukomesha haikuja hadi mwaka 1922, baada ya Wajerumani kuondoka. Maana yake ni kwamba wakati vyakula tunavyoviita vya Kiarabu na vya Kihindi vinapata ladha yake ya pwani, aliyekuwa anachochea moto, anayetwanga bizari, anayeonja chumvi na kuamua kwamba huku kutiwe nazi na kule kusitiwe, mara nyingi alikuwa mjakazi. Bwana alileta neno na pengine gunia la viungo. Mjakazi alileta mkono. Ukiondoa pilau mezani kwa sababu ni la Mwarabu, umempa Mwarabu kazi ya mwanamke ambaye hata jina lake hatuna. Hiyo ni mara ya pili ananyang'anywa.

Wala msidhani hadithi ya wali na mamlaka iliishia kwa masultani. Wapemba wa umri mkubwa wanazikumbuka "siku za njaa", kuelekea na mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Zanzibar ilipobana uagizaji wa chakula kutoka nje kwa nia ya watu kujilisha wenyewe. Mchele ukawa kitu cha foleni na mgao. Wako waliovuka usiku kuja upande huu na upande wa Kenya. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Wete, akaishi na kufa Ngamiani, hapa Tanga, na mpaka mwisho wake alikuwa hapiki wali bila kutenga konzi moja ya mchele kwenye kopo la bati. Hakutueleza sababu nasi hatukumuuliza. Mtu wa namna hiyo ukimwambia wali ni chakula cha kigeni, umeyafuta maisha yake.

Nigeukie upande wa pili, wa wale wanaosema pwani ilipokea tu. Hoja yao ina sura ya usomi, kwa sababu ni rahisi kuchukua bakuli la urojo na kuhesabu: badia za dengu kutoka Gujarat, manjano kutoka Asia, mbatata na muhogo wa kukaanga kutoka Amerika, embe la Bara Hindi, ukwaju wa hapa. Hesabu yote ni sahihi, na haijibu swali. Gujarat wana badia, hawana bakuli hili. Mtu fulani, mahali fulani kati ya Unguja na bandari hizi, aliamua kwamba vitu hivi vikutane ndani ya uji mwepesi wenye uchachu, na chatne ya nazi juu. Uamuzi huo ndio chakula. Kabla yake palikuwa na viungo sokoni tu.

Tazama pia ujuzi ambao haukuhitaji jahazi kuuleta jinsi tunavyouona leo. Nazi inakunwa kwenye mbuzi, machicha yanakamuliwa kwa kifumbu, na tui la kwanza, kasimile, linawekwa kando. Mchuzi unaanza kwa tui jepesi la pili na la tatu, unachemka, samaki anaiva, kisha kasimile inatiwa mwisho na mtu anasimama palepale akikoroga kwa upande mmoja ili tui lisikatike. Wali ukikauka maji, moto unapunguzwa chini na makaa yanawekwa juu ya kifuniko: tunasema wali umepaliwa. Samaki wa kupaka anachomwa kwanza, halafu anapakwa tui lililokolea viungo huku akigeuzwa motoni. Mnazi wenyewe umetoka mashariki, na uchunguzi wa vinasaba vya minazi uliotolewa mwaka 2011 unaonyesha kwamba minazi ya pwani yetu na ya Komoro imechanganya damu ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Na Komoro kwenyewe mabaki ya karne ya 8 hadi ya 10 yana mazao ya Asia kwa wingi, wakati pwani ya bara miaka hiyohiyo bado ilishikilia mtama na uwele. Bahari moja, lakini kila ufuko ulijiamulia cha kupokea na cha kuacha. Pwani isingekuwa na uamuzi wake, sahani zote kuanzia Moroni hadi Lamu zingefanana.

Ushahidi unaowashinda kabisa wanaosema tulipokea tu uko ughaibuni. Nyumba zilipotaifishwa mwaka 1971, Wahindi wengi wa Tanga na miji mingine walihama, wakaenda Uingereza na Kanada. Ingia leo mgahawa wao London au Leicester usome orodha ya vyakula. Utakuta "mogo", na utakuta "kuku paka". Mogo ni muhogo, na kuku paka ni kuku wetu wa kupaka. Watu ambao tunaambiwa walitufundisha kupika wamevuka bahari mbili wakiwa wamebeba maneno yetu kwenye sufuria zao, na kwa maneno hayo ndiyo wanatambuana na kujitofautisha na Wahindi waliokwenda Uingereza moja kwa moja kutoka Bara Hindi. Waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na wakaitwa waende Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970, nao walifika Maskati na maandazi, na maandazi yamekaa kule hadi yakawa chakula cha asubuhi cha watu wasiojua neno la Kiswahili isipokuwa hilo. Shangazi yangu aliyeolewa huko bado anapima maji ya wali kwa pingili ya kidole, kama alivyopima mama yake. Kwa jirani zake wa Maskati yeye ni Mzanzibari. Akija Tanga kututembelea, watoto wa mtaani wanamwita Mwarabu. Huo ndio uzito wa kuishi ughaibuni, na pingili ile ya kidole ni kitu kimoja anachofika nacho kote bila kuulizwa karatasi.

Hata hivyo nisijenge sheria kwa mfano mmoja, kwa sababu mkoa huuhuu unao mfano unaonipinga. Miaka ya 1830, wakati wa njaa kali, Wazigua wengi wa nyika hii walichukuliwa kwa hila na kwa nguvu, wakauzwa pwani ya Somalia. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza waliotoroka hadi bonde la mto Juba, na huko wakaishi vizazi kwa vizazi wakilima mahindi na ufuta. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 walikimbia, na baadhi yao wakaelekea nchi ambayo babu zao waliitaja. Mwaka 2003 wakapewa ardhi ya kukaa Chogo, Handeni, na baadaye wengi wakapata uraia. Wengine, zaidi ya 10,000 wakiwa pamoja na wenzao wa bonde lile, walipelekwa Marekani. Waliorudi Handeni walikuwa wanazungumza Kizigua baada ya zaidi ya miaka 150. Kilichorudi ni lugha. Upishi wao ulikuwa umeshakuwa wa Juba.

Ukiwaweka Wazigua hawa kando ya Wahindi wa Leicester na Wazanzibari wa Maskati, unaona jambo ambalo ubishi wetu wa WhatsApp haukuligusa hata kidogo. Kinachosafiri hutegemea jinsi ulivyoondoka. Aliyehama na masanduku, hata akihama kwa uchungu, alibeba kinu, bizari na kumbukumbu ya sahani, kisha akapata nyumba yenye jiko na pesa ya kununulia nazi. Aliyefungwa kamba alifika bila mbegu wala chungu, akala alichopewa. Alichobaki nacho ni kilichokaa mdomoni: ulimi. Kwa hiyo tunapomwuliza mtu wa ughaibuni "bado mnapika vya kwenu?" na kumpima Uswahili wake kwa jibu lake, tunaweza kuwa tunampima utajiri wa babu yake. Na hapa nyumbani ndivyo hivyo: orodha ya vyakula vya fahari vya pwani ni orodha ya waliokuwa na masanduku. Bada inastahili kuwekwa mezani kwa sababu hiyo, kama kumbukumbu ya waliokosa sanduku, wala si kwa ukale ambao haina.

Maana ya haya yote kwa Tanga ya sasa ni kubwa. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mwisho wake ni Chongoleani, hapa Tanga. Bandari imepanuliwa. Watu wanakuja, na nasikia malalamiko kwamba migahawa ya wageni itaua chakula cha Tanga. Historia ya mji haiungi mkono hofu hiyo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida na 62 tu ndiyo iliyofika hai. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, na ikafika Moshi mwaka 1911. Kwa miche ile na reli ile walikuja manamba, yaani vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge: Wamakonde kutoka Msumbiji, Wanyamwezi, Wabena, Waha, watu wa Rwanda na Burundi, wakilishwa posho ya unga wa mahindi na maharage. Ilipofika mwaka 1964 nchi hii ilizalisha kiasi cha tani 230,000 za mkonge. Wageni wengi kuliko wale hatujapata kuwaona, na vitumbua havikufa. Wajukuu wa manamba wapo Ngamiani na Pongwe, na wako wanaopika samaki wa kupaka vizuri kuliko wengi wanaojiita wenyeji.

Hatari ninayoiona mimi iko kwenye ujuzi na kwenye vitu vinavyoushikilia. Minazi inakufa kwa maradhi na inakatwa mbao kuliko inavyopandwa. Uvuvi wa baruti ulivunja matumbawe yetu kwa miongo mingi, na hata baada ya kudhibitiwa matumbawe hayarudi kwa amri. Kisha kuna moto. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu moshi wa kuni na mkaa umewaumiza mama zetu vifua na macho kwa muda mrefu kupita kiasi. Lakini tuelewe kwamba gesi inawaka chini tu. Kupalia wali kunataka moto wa juu. Mkate wa kumimina unataka moto juu na chini kwa wakati mmoja, na mkate wa sinia vilevile. Kama uenyeji wa chakula uko kwenye ujuzi, basi jiko la gesi lenye plati mbili linaweza kubadili chakula cha Mswahili kuliko biriani lilivyofanya kwa miaka 200, na hakuna hata mmoja kati ya waliobishana usiku ule aliyelitaja. Jibu si kurudi kwenye moshi. Jibu ni kukaa na wapishi wakongwe wangali hai, kuuliza moto wa juu ulikuwa unafanya kazi gani, na kutafuta namna ya kuufanya kwa oveni, kwa umeme, kwa chombo kitakachobuniwa. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha upishi hapa mkoani vingeweza kuanza na hilo moja tu. Shule nazo, badala ya kumpa mwanafunzi orodha ya "vyakula vya asili" aikariri, zingemtuma kwa bibi yake aandike hatua za kukamua tui na sababu ya kila hatua.

Kwa meza yetu ya tarehe 7 Julai nimependekeza kila kitu kiwekwe na kila sahani iwe na kadi. Kadi ya bada iseme muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, na kwamba uliwaweka hai watu waliochuma karafuu bila ujira. Kadi ya pilau iseme neno limetoka Uajemi na mchele umekaa Pemba tangu karne ya 11, kisha iachwe nafasi tupu kwa ajili ya majina ya wajakazi walioipika, kwa kuwa hatunayo. Kadi ya kuku wa kupaka iseme ameshafika Leicester. Kadi ya mkate wa kumimina sitaiandika mimi. Jirani yangu wa Sahare, Msukuma aliyekuja hapa na mumewe kwa kazi za bandarini, ndiye anayeuza mkate huo kila asubuhi mtaani kwetu. Alifundishwa na mwenye nyumba wake, na sasa anajaribu kuuoka kwenye oveni ya gesi. Mara tatu umemdodea katikati, mara ya nne ukaiva. Kadi hiyo nimempelekea yeye aandike.